Viatu vya "kama peku": wanatuuzia miguu yetu wenyewe

Leo naweka kompyuta kando nizungumzie viatu. Usiondoke, utaona vinavyohusiana.

Mwaka jana niliagiza mtandaoni viatu vya kukimbilia vya aina ile wanayosema ni kama kwenda peku: soli nyembamba kama chapati, kisigino kimelala chini, vidole vina nafasi. Kampuni sitaitaja. Shilingi elfu kumi na nne, jamani! Nikaenda navyo nyumbani Kwa Vonza, nikatoka alfajiri kukimbia kuelekea upande wa chuo kikuu cha SEKU. Kilomita mbili hazijaisha, mwiba wa mgunga ukatoboa soli ukaingia unyayoni. Wiki iliyofuata nikarudia, na safari hii shavu la mguu likakaza hata kushuka ngazi ikawa taabu. Fundi wa akala pale sokoni alikishika kiatu kimoja, akakikunja, akaniuliza: "Mwanangu, hiki ni kiatu ama ni soksi?"

Nilicheka, lakini mzee alikuwa na haki ya kuuliza.

Tangazo lililonivuta lilidai Wakenya hukimbia vizuri kwa sababu wamekua peku. Hadithi hiyo ina chanzo. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Waliozoea peku walielekea kutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na kishindo kikawa kidogo. Utafiti mzuri. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine walichapisha matokeo ya Wadaasanach 38 wa kaskazini mwa Kenya, ambao pia wamezoea peku. Kwa mwendo wa masafa marefu, wengi wao walitua kwa kisigino! Je, umewahi kuona tangazo linalowataja hao? Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: programu imejaribiwa kwenye mashine moja, mtu anasema "kwangu inafanya kazi", kisha inauziwa dunia nzima.

Kampuni ya Vibram, yenye vile viatu vya vidole vitano, ilishtakiwa Marekani mwaka 2012 kwa kudai faida za kiafya bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 2014 ilikubali, bila kukiri kosa, kutenga dola milioni 3.75 za kumaliza kesi na kuwarudishia wateja pesa.

Na mabingwa wetu? Patrick Makau wa kutoka Machakos alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011, saa 2:03:38, na alikuwa amevaa viatu. Eliud Kipchoge alipomaliza chini ya saa mbili Vienna mwaka 2019, soli zake zilikuwa nene ajabu. Mtoto anayekwenda shule peku huku kwetu hafuati falsafa yoyote. Hana viatu, basi. Kumfanya tangazo la viatu vya elfu kumi na nne ni kuufanyia biashara upungufu wake.

Sisemi viatu vyembamba ni vibaya. Nasema chagua kwa akili:

1. Anza na ardhi. Uwanja wa nyasi si njia ya migunga na mawe.

2. Pima sifa, usipime jina. Akala ni bapa, inaacha vidole huru, na mwiba haupenyi tairi kirahisi. Lakini ni nzito na haikunjiki. Kwa kupanda vilima naivaa. Kwa kukimbia, hapana.

3. Hama polepole. Hakuna anayehamisha hifadhidata nzima Ijumaa jioni. Anza kwa dakika chache, siku chache kwa wiki, na ukisikia maumivu, simama. Mguu uliozoea kisigino kirefu hauna nakala ya akiba.

Vile viatu vyangu bado ninavyo. Navivaa uwanjani kwenye nyasi, dakika kumi na tano, na vinanifaa. Njia ya Kwa Vonza nimeirudishia viatu vyangu vya zamani vyenye soli nene, nilivyonunua mtumba.

Basi nisiwachoshe. Kabla hujabofya "nunua", tazama kwanza chini, pale unapokanyaga.