Baba Anapocheza na Vitofali

 

Je, umewahi kufungua kabati ukakuta kitu ambacho mumeo hakukuambia? Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikikuta. Wanaishi Maryland huko Marekani, si mbali na jiji la Washington. Siku hiyo alikuwa akitafuta makoti ya baridi, na nyuma ya makoti akakuta makasha matatu ya LEGO, vile vitofali vya plastiki ambavyo watoto hupachika kimoja juu ya kingine wakapata nyumba au gari. Mtoto wao wa mwisho yuko sekondari. Akanipigia simu saa hiyo hiyo, wala hakujali kwamba huku kwetu ni usiku wa manane.

"Wifi," aliniambia, "huyu mdogo wako ana miaka arobaini na minne, na ananunua vitu vya kuchezea!"

Mimi nilicheka. Nilifikiri mambo ya baa, mambo ya mwanamke mwingine, kumbe ni vitofali! Ndipo akanisomea kilichoandikwa juu ya kasha lile kubwa. Ni chombo cha angani cha kwenye sinema, kiitwacho Millennium Falcon, chenye vipande 7,541. Kasha hilo lilipoanza kuuzwa mwaka 2017 bei yake ilikuwa dola 799.99. Hapo kicheko kikanikatika, kwa maana mwezi ule ule mdogo wangu alikuwa ameniambia kwamba fedha za mabati ya nyumba ya mama bado hazijapatikana.

(Ninaandika haya kwa ruhusa yao wote wawili. Yeye mwenyewe amesema, "Andika tu dada, nilistahili.")

Jambo la pili lililomtia wifi wasiwasi lilikuwa mikutano. Kila mwezi, Jumamosi moja, mumewe huaga kwamba anakwenda "kwa wajenzi", akarudi jioni. Ni wajenzi gani hao wasio na saruji wala mwiko? Nikamwambia, kabla hujagomba, nenda naye ukaone kwa macho yako. Mimi nami nikaanza kuuliza na kusoma, ili nijue vyama hivi vilitoka wapi. Niliyoyapata yamenishangaza, na nimeona nisiyale peke yangu.

Mwanzo wake ni seremala mmoja wa Denmark, Ole Kirk Kristiansen, wa mji mdogo wa Billund. Mwaka 1932, wakati wa shida kubwa ya uchumi, watu walikuwa hawajengi nyumba tena, kazi zikamwishia. Mwaka huo huo mkewe Kirstine alifariki, akamwachia watoto wanne wa kiume. Alikuwa mtu wa sala, tena mkaidi katika kazi. Akaanza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao, na mwaka 1934 akaipa karakana yake jina LEGO, kutokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Vitofali vya plastiki alianza kuviuza 1949, akifuata mfano wa Mwingereza aitwaye Hilary Fisher Page, aliyetangulia kuvitengeneza. Lakini vitofali hivyo vya kwanza havikushikana sawasawa. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe Godtfred aliandikisha haki ya kitofali chenye mirija midogo ndani yake, na hiyo ndiyo inayokifanya kimshike mwenzake barabara. Mzee alifariki mwezi Machi mwaka huo huo.

Sasa sikiliza, dada yangu, maana vyama vya watu wazima vimezaliwa hapa. Kitofali cha 1958 kinaingia bila taabu katika kitofali kilichotoka kiwandani leo. Gari la plastiki alilochezea mtoto wako mwaka juzi limekwisha kuvunjika, umelitupa. Vitofali hivi havichakai namna hiyo. Mama wa Ulaya au Marekani huvitia katika ndoo na kuviweka stoo. Mtoto anakwenda shule, anapata kazi, anaoa, na siku anapokuja kumsaidia mama kusafisha stoo anaikuta ndoo yake ikimngoja.

Wengi wao husimulia hivyo. Miaka ile kati ya kuviacha utotoni na kuvirudia utu uzimani wameipa jina kabisa. Wanaiita "zama za giza". Na waliporudi walirudi kwa aibu. Mtu mwenye ndevu zake alikwenda dukani na kusema anamnunulia mpwa wake. Usiku, watoto wakilala, alijifungia chumbani akajenga peke yake. Kila mmoja alidhani ni yeye tu duniani mwenye ugonjwa huu.

Katika miaka ya 1990 walianza kugunduana kwa njia ya kompyuta. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Todd Lehman na Suzanne Rich, mwanamume na mwanamke, walianzisha mtandao wa kuwaunganisha, ukaitwa LUGNET. Watu wa eneo moja wakagundua kwamba ni majirani. Wa Washington na vitongoji vyake vya Virginia na Maryland nao walikusanyika wakawa na chama chao, WAMALUG, jina refu lililofupishwa, maana yake watumiaji wa LEGO wa eneo la jiji la Washington. Waliaminiana hata kukutana majumbani: leo kwangu, mwezi ujao kwako. Sisi tunaokutana kwenye jumuiya tunajua maana ya kumkaribisha mtu nyumbani. Ukishaona sebule ya mtu, ukala chakula chake na kusalimiana na mkewe, aibu hupungua.

Na mwaka 2000, katika jimbo la Virginia, ulifanyika mkutano mkubwa ulioitwa BrickFest, unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake Marekani. Watu walisafiri kutoka majimbo mengine wakiwa wamefunga majengo yao kwenye maboksi kama mayai. Aliyeubeba mzigo wa kuuandaa alikuwa mwanamke. Mimi sikushangaa. Wanaume wangebishana juu ya reli na mabehewa mpaka kesho. Ilihitajika mtu wa kutafuta ukumbi, kuhesabu viti na kuuliza watu watakula nini.

Wifi alikwenda kweli, kwenye kikundi kidogo cha jirani anachohudhuria mdogo wangu. Alitegemea kukuta wanaume wakichezacheza. Alikuta meza zimepangwa, kila mmoja ameleta kipande chake cha mji: huyu stesheni, huyu kanisa, huyu soko. Wamekubaliana mapema reli ipite umbali gani kutoka ukingo wa meza, ili meza zikiunganishwa garimoshi lizunguke mji mzima bila kuanguka. Anayekiuka kipimo anarudishwa na meza yake. Wifi ni mhasibu, jambo hilo lilimpendeza.

Kilichomkalisha hasa ni mgawo. Tuseme watu kumi wananunua kila mmoja kasha moja, la aina ile ile. Siku ya mkutano makasha yote kumi yanafunguliwa na vipande vinachambuliwa mafungu mafungu: madirisha yote pamoja, magurudumu yote pamoja, vitofali vyekundu pamoja. Kisha wanapiga kura ya zamu. Wa kwanza anachagua fungu moja, wa pili lake, hivyo hivyo wakizunguka hadi meza inabaki tupu. Anayejenga mnara anaondoka na madirisha ya makasha kumi kwa bei ya kasha moja, na anayejenga magari anaondoka na magurudumu.

"Wifi," aliniambia, "huu si ni upatu?"

Si upatu hasa, lakini ni ndugu yake. Hapo nilianza kuwaelewa watu hawa.

Kwa muda mrefu kampuni yenyewe haikuwajali sana, maana ilitengeneza vitu kwa ajili ya watoto. Kisha mwaka 2003 na 2004 ikapata hasara kubwa hata ikakaribia kuanguka. Katika siku hizo hizo za mashaka, mwaka 2004, ikabadilisha rangi ya kijivu. Utasema, kijivu ni kijivu! Ngoja. Unakumbuka kwaya yenu iliposhona sare, kitambaa kikaisha, na duka likaleta jora jingine "la rangi ile ile"? Mkasimama mbele ya kanisa, na kila mtu akaona nani alishonewa mwisho. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyekusanya vitofali vya kijivu miaka kumi ili ajenge ngome aliona kijivu kipya kina ubuluu, na ukutani kinaonekana kama kiraka. Wakalalamika kwa sauti moja, na sauti hiyo walikuwa nayo kwa sababu tayari walikuwa na vyama. Mtu mmoja chumbani kwake angenung'unika tu. Rangi ya zamani haikurudi, lakini mwaka 2005 mkuu mpya wa kampuni, Jørgen Vig Knudstorp, alikwenda mwenyewe BrickFest huko Washington kuwasikiliza. Mwaka 2007 ikatoka hoteli yenye mkahawa chini yake, Cafe Corner, iliyofungua mfululizo wa nyumba za mtaani zinazounganishwa ubavu kwa ubavu, ambazo watu wazima wanazinunua hadi leo. Siku hizi yapo makasha yanayoandikwa waziwazi kwamba ni ya umri wa miaka 18 na kuendelea. Hakuna tena haja ya kumsingizia mpwa.

Niseme kidogo kwa wenye watoto wadogo. Vipande hivi ni hatari kwa aliye chini ya miaka mitatu, kwa kuwa hukwama kooni. Kuna vikubwa viitwavyo Duplo, vilivyotoka 1969, ambavyo ni mara mbili kwa urefu, upana na kimo. Ukiletewa vilivyotumika na wengine, vioshe kwa mkono kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Maji yasizidi nyuzijoto 40, la sivyo vitapinda.

Turudi kwa wifi. Katika mkutano ule alihesabu watu ishirini na wanane. Wanawake walikuwa watano, na wawili kati yao walikuwa wakiwasubiri waume zao. Nasema hili ili nisipake rangi mambo. Akakaa karibu na mama mmoja mtu mzima, naye alikuwa mjenzi, akamwuliza, fedha je? Yule mama akacheka, akamwambia kwamba kwake kuna sheria moja: kasha jipya haliingii mlangoni mpaka jingine limeuzwa. Na mumewe anajua bei ya kila kitu, "maana mimi ndiye niliyekuwa nikificha risiti."

Jioni ile wakiwa garini wifi alimwuliza mumewe kwa nini alificha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamwambia kwamba tangu wafike huko ni miaka kumi na moja, anafanya kazi za usiku, analala mchana, na pale ndipo mahali pa kwanza ambapo asipofika mtu humpigia simu kuuliza kama anaumwa. Alificha bei kwa sababu aliogopa wifi angemkataza chama chenyewe.

Wifi aliponieleza haya alikuwa analia. Mimi pia moyo uliniuma, kwa sababu nilikuwa nikimwuliza habari za mabati kila nilipopiga simu, na habari zake mwenyewe simwulizi. Lakini sikumfunika. Nilimpigia nikamwambia, "Mdogo wangu, upweke wako nimeusikia, na nimekosa kutokukuuliza. Ila mama ananyeshewa."

Hakujitetea. Lile kasha kubwa alikuwa hajalifungua. Mwezi uliofuata alilibeba mkutanoni, na mwanachama mwenzake akalinunua kwa bei ile ile aliyolinunulia yeye. Fedha zilifika siku ya Jumanne. Fundi alianza upande wa jikoni, ambako hali ilikuwa mbaya zaidi, akamaliza nyumba nzima siku nne kabla ya mvua za kwanza.

Makasha mawili madogo yamebaki, lakini siyo kabatini tena. Yako sebuleni. Na juzi wifi amenipigia simu, safari hii saa za heshima, kunieleza kwamba kwenye mgawo wa mwezi huu naye alinunua kasha lake, akapata namba ya tatu katika kura, na akachukua madirisha yote kabla mumewe hajayafikia.