Themanini ya ICAO na maneno ya angani

Tarehe 7 Desemba 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinaendelea, wajumbe wa nchi 52 walitia saini Mkataba wa Chicago. Humo ndimo lilimozaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal. Miaka 80 ilipotimia mwaka 2024, wengine waliisifu kwa abiria na mizigo. Sisi tunaisifu kwa maneno.

Wengi hudhani kila rubani duniani analazimika kusema Kiingereza. Sivyo. Kanuni za ICAO zinaruhusu lugha ya kawaida ya kituo cha ardhini. Ila kwenye viwanja na njia za kimataifa, rubani akitaka Kiingereza lazima akipate. Paris, mwongozaji husema Kifaransa na rubani wa Air France, kisha papo hapo humgeukia mgeni kwa Kiingereza. Nairobi na Dar es Salaam ni Kiingereza, hata pale pande zote mbili zimelelewa kwa Kiswahili.

Na Kiingereza chenyewe kimechongwa upya. Katika alfabeti ya redioni iliyoanza kutumika 1956, Juliett, neno la herufi J, ina t mbili ili Mfaransa asiimeze ya mwisho. Tatu hutamkwa "tri", maana "th" huwashinda wengi (sisi wenye themanini yetu haitusumbui). Tisa ni "naina", isidhaniwe tano.

Uchongaji huo umelipiwa kwa damu. Tenerife, 27 Machi 1977, rubani msaidizi wa ndege ya KLM alisema maneno ambayo mnara uliyaelewa kuwa ndege imesimama ikingoja kuruka. Kumbe ilikwisha kuanza kukimbia. Ikagongana na ndege nyingine, wakafa watu 583. Siku hizi neno la kuruka halitamkwi redioni ila ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa.

Tangu Machi 2008 marubani na waongozaji wa safari za kimataifa hupimwa lugha, na daraja la 4 ndilo la chini linalokubalika. Hapa tuna neno na mwenye sherehe. Kwa pendekezo lake, wa daraja la 4 hurudi kwenye mtihani kila baada ya miaka mitatu. Mzawa wa Kiingereza hupewa la 6, la juu kabisa, kwa wepesi na harudi tena, hata kama husema mbiombio na kuchomeka misemo ya mtaani kwao. Miongozo inamwasa apunguze kasi. Kuasa hakutoshi: ICAO imrudishe naye darasani.