Tusisahau shingo ya rubani

Wengi wanaizungumzia miwani ya kuonea usiku kana kwamba inageuza giza kuwa mchana. Haigeuzi. Macho ya binadamu huona upana wa karibu digrii 200. Miwani ile ya kwenye helmeti humwachia rubani digrii 40 hivi, kama mtu anayechungulia kupitia vipande viwili vya bomba. Asipozungusha kichwa kila mara, kilicho pembeni hakioni kabisa. Umbali nao ni rahisi kuukosea, maana picha ni ya rangi moja. Na juu ya jiji, kila taa kali hujizungushia duara la mwanga linalomeza vilivyo jirani yake.

Kumbukeni Washington, 29 Januari 2025. Helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk iligongana na ndege ya abiria juu ya mto Potomac, wakafa watu 67. Wachunguzi walisema yaelekea waliokuwa kwenye helikopta walivaa miwani hiyo. Sisemi miwani ndiyo iliyoua. Mengi yalikutana usiku ule.

Shingo ndiyo inayosahauliwa. Kifaa huning'inia mbele ya uso, hivyo marubani wengi hufunga uzito mwingine nyuma ya helmeti ili kusawazisha, na shingo ikabeba vyote viwili, safari nzima, ndani ya mtikisiko. Maumivu ya shingo ni malalamiko ya kila siku kwa marubani wa helikopta. Wanaoagiza vifaa hivi wawasikilize wavaaji kabla ya kutia saini.