Minara ya taa Florida: Mwanga hauuziki, mnara unauzika

MWAKA 2022 Serikali ya Marekani iliingiza mnadani mali isiyo ya kawaida: minara ya taa iliyosimama baharini, juu ya miamba ya matumbawe, kusini mwa jimbo la Florida. Minara hiyo ni ya chuma, ilijengwa karne ya 19, na imeongoza meli kwa zaidi ya miaka 100. Mnunuzi alielezwa mapema kuwa anachukua mnara kama ulivyo, pamoja na kutu yake, na kwamba atatakiwa kuutunza kwa masharti ya kuhifadhi majengo ya kihistoria. Yaani hakuna kukata vyuma na kupeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Mfanyabiashara anayejua hesabu atajiuliza hii ni biashara ya namna gani. Mnara hauna kiwanja, hauna maji, hauna umeme, na kuufikia ni mpaka ukodi boti. Kupata jibu inabidi kurudi nyuma, kwa sababu historia ya minara hii ni historia ya nani anayelipia usalama wa mzigo. Jambo hilo linamgusa kila anayeuza mazao ng'ambo au anayenunua bidhaa zinazopitia bandarini, hata kama hajawahi kuiona bahari.

Florida ni rasi ndefu iliyoingia baharini, nchi ya joto, mvua na vimbunga, maarufu kwa machungwa na miwa. Kusini yake kuna mlolongo wa visiwa vidogo, na mbele ya visiwa hivyo umejipanga mwamba mrefu wa matumbawe. Kati ya mwamba huo na Cuba unapita mkondo wa bahari wenye nguvu unaokwenda kaskazini. Zama za matanga, meli iliyotoka New York kwenda New Orleans ililazimika kusogea karibu na mwamba ili kuukwepa mkondo huo. Meli iliyorudi na shehena ya pamba ilipita njia hiyo hiyo nyembamba. Usiku mmoja wa upepo mbaya ulitosha kuikalisha juu ya jiwe.

Ajali hizo zilizaa mji. Baada ya Hispania kuikabidhi Florida kwa Marekani mwaka 1821, watu walijazana katika kisiwa cha Key West wakiwa na kazi moja kubwa: kuokoa mali kutoka meli zilizokwama. Mwaka 1825 ikatungwa sheria kwamba mali iliyookolewa katika eneo hilo ipelekwe katika bandari ya Marekani, na mwaka 1828 mahakama ikafunguliwa papo hapo Key West. Nahodha wa kwanza kuifikia meli iliyokwama ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi yote. Mahakama iliwakatia waokoaji fungu lao, na kilichobaki kikarudi kwa mwenye mali au kwa kampuni ya bima. Kazi hiyo ilikuwa na leseni, kanuni na wanasheria wake. Jaji William Marvin wa mahakama hiyo hata aliandika kitabu cha sheria ya uokoaji mwaka 1858.

Fedha zilikuwepo. Nyumba ambayo leo watalii humiminika kuiona kwa sababu mwandishi Ernest Hemingway aliishi humo ilijengwa mwaka 1851 na Asa Tift, mmoja wa waliotajirika kwa mali za meli zilizovunjika. Kinachochekesha ni kwamba ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba hiyo, umesimama mnara wa taa wa Key West, uliojengwa kuzuia ajali zile zile.

Utajiri huo haukutoka hewani. Kampuni ya bima iliyolipa hasara ilipandisha ada ya safari iliyofuata, mwenye meli akaongeza nauli ya mzigo, na mfanyabiashara wa New Orleans akapunguza bei aliyomlipa mwenye shamba. Ikumbukwe kuwa sehemu kubwa ya pamba hiyo ililimwa na watumwa, ambao hawakupata kitu meli ikifika salama wala ikizama. Lakini kwa kila aliyekuwa na robota la kuuza, mwamba wa Florida ulikuwa kama mkato kwenye mizani.

Serikali iliwasha taa mapema, lakini iliwasha kwa ubahili. St. Augustine ilipata taa mwaka 1824, na mwaka uliofuata zikafuata Key West na Cape Florida. Msimamizi wa taa zote za nchi kuanzia mwaka 1820 hadi 1852 alikuwa Stephen Pleasonton, mhasibu wa Hazina aliyesifika kwa kubana matumizi. Ulaya ilikuwa tayari na lenzi ya Mfaransa Augustin Fresnel, inayokusanya mwanga wa taa moja na kuurusha mbali sana, lakini yeye aliiona ghali na kuendelea na taa hafifu. Manahodha walilalamika kwamba taa za Florida hazionekani mpaka umeshafika kwenye hatari. Yako mambo mabaya zaidi. Katika mlango wa bahari ambao leo unaitwa Ponce de Leon, mnara ulikamilika mwaka 1835 lakini mafuta ya taa hayakuletwa kamwe. Dhoruba ikachimba mchanga chini ya msingi, na mwaka uliofuata mnara ukaanguka bila kuwaka hata usiku mmoja. Wakulima waliowahi kujengewa ghala lisilo na mlango watalielewa jambo hilo.

Kimbunga cha Oktoba 1846 kiliangusha minara miwili kwa mpigo, wa Key West na wa Sand Key, na kuua watu waliokimbilia humo kujisitiri. Mlinzi wa taa ya Key West, Barbara Mabrity, alinusurika akaendelea na kazi. Mama huyo alirithi kazi ya mumewe mwaka 1832 na kuishika kwa takriban miaka 30.

Mabadiliko ya kweli yalikuja mwaka 1852. Pleasonton akaondolewa, bodi mpya ikaagiza lenzi za Fresnel, na katika mwamba wa Carysfort ukasimama mnara wa chuma juu ya nguzo zilizozungushwa chini kama skrubu. Mawimbi yalipita katikati ya nguzo badala ya kupiga ukuta. Ukafuata Sand Key mwaka 1853, Sombrero Key 1858, Alligator Reef 1873, Fowey Rocks 1878 na American Shoal 1880. Mwamba wote sasa ulikuwa na taa. Meli za mvuke na ramani bora nazo zilisaidia, na biashara ya uokoaji ikanyauka hadi mahakama yake ikafunga daftari la leseni mwaka 1921. Fedha zilihama mfuko, kutoka kwa waokoaji kwenda kwa wenye mizigo.

Upande wa magharibi ni ng'ombe walioleta taa. Wafugaji wa Florida walikuwa wakiswaga mifugo hadi Punta Rassa na kuipakia kwenda Cuba, ambako walilipwa kwa dhahabu ya Kihispania. Biashara hiyo ndiyo iliyofanya kisiwa jirani cha Sanibel kijengewe mnara mwaka 1884. Meli iliyobeba vyuma vya mnara huo ilizama ikiwa imebakiza kilomita chache kufika, na waliopiga mbizi kuvitoa karibu vyote walikuwa watu wa Key West. Ujuzi wa zamani ulipata kazi mpya.

Ni nani alilipa? Hapa ndipo Marekani inapotofautiana na Uingereza. Nchini Uingereza, meli inayoingia bandarini hutozwa fedha za taa, na fedha hizo huwekwa katika mfuko maalumu wa kuendeshea minara. Marekani tangu mwaka 1789 iliamua taa ziwe jukumu la serikali kuu na zilipiwe kwa kodi. Wanauchumi wameubishania mfano huu miaka mingi. Wengi walisema taa haiwezi kuwa biashara, kwa kuwa huwezi kumzuia asiyelipa asiuone mwanga. Mwaka 1974 Ronald Coase, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, aliandika kuwa historia ya Uingereza inaonyesha vingine: tozo ilikusanywa bandarini, na hata watu binafsi waliwahi kuendesha minara kwa kibali cha mfalme.

Mfumo wa Marekani ulikuwa nafuu kwa wenye meli, na kwa muda mrefu ulifanya kazi vizuri. Udhaifu wake ulijitokeza taa ilipoacha kuwa ya lazima. Umeme ulikuja, walinzi wakaondolewa, kisha manahodha wakaanza kupata mahali walipo kutoka setelaiti. Anayelipa tozo ana sauti ya kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Kodi ya jumla haina mtu wa namna hiyo, na bajeti inapobanwa ni rahisi kukata kitu ambacho hakuna anayekidai. Taa za miamba ya Florida zilizimwa katika muongo wa 2010, Carysfort ikiwa miongoni mwa za mwanzo mwaka 2014, na nafasi yake ikachukuliwa na nguzo fupi yenye taa ya sola. Kwa mvuvi na mwenye boti ndogo, nguzo hiyo inatosha kumwonya kuwa mbele kuna mwamba. Taa na mnara vimekuwa vitu viwili tofauti, na hilo ndilo jambo ambalo wengi wanaoililia minara hawataki kulikubali.

Sheria ya mwaka 2000 ya kuhifadhi minara ya kihistoria ndiyo iliyofungua njia ya minada. Kwanza mnara hutolewa bure kwa halmashauri, taasisi ya umma au chama kisicho cha faida chenye mpango unaoeleweka wa kuutunza. Wasipopatikana, unauzwa kwa anayetoa zaidi. Hadi mwaka 2023, zaidi ya minara 150 nchini humo ilikuwa imebadilisha mikono, takriban nusu yake bure, na iliyouzwa iliingiza zaidi ya dola milioni 10.

Bure, hata hivyo, si rahisi. St. Augustine, mnara wa mwaka 1874 wenye urefu wa mita 50, ni mfano mzuri kwa sababu watu wake walianza kujitafutia kabla sheria haijatungwa. Mwaka 1986 lenzi yake ilipigwa risasi na vioo 19 vikaharibika. Serikali ilikuwa tayari kuiondoa lenzi hiyo na kuweka taa ya kawaida, lakini chama cha kina mama wa kujitolea wa mji huo kilikuwa kimeshaanza kukarabati nyumba ya mlinzi. Wakachangisha fedha, lenzi ikarekebishwa na kuwashwa tena mwaka 1993, na mwaka uliofuata mnara ukafunguliwa kwa wageni. Hati ya umiliki ilikuja mwaka 2002. Mlangoni kuna tiketi, ndani kuna ngazi 219, na anayeshuka amechoka hununua kinywaji na kumbukumbu ya kupeleka nyumbani.

Ponce de Leon nao, mrefu kuliko yote Florida kwa mita 53, uliachwa na kikosi cha walinzi wa pwani mwaka 1970. Mwaka 1972 chama cha wenyeji kikaundwa kuuendesha. Baada ya miaka kumi hivi ukawashwa tena, na sababu yake inafaa kuzingatiwa: taa iliyokuwa imechukua nafasi yake upande wa pili ilizibwa na maghorofa ya ufukweni.

Siri ya minara hiyo miwili ni geti. Mwanga hauna geti. Mnara wa nchi kavu unalo. Mtu anafika kwa gari, analipa, anapanda, anakula mjini, pengine analala. Chumbe huko Zanzibar inaonyesha kwamba hata kisiwani inawezekana: mnara wa mwaka 1904 uko ndani ya hifadhi ya matumbawe inayoendeshwa na kampuni binafsi tangu miaka ya 1990, na pale alipoishi mlinzi wa taa sasa wanapokewa wageni. Lakini kule mgeni anafuata matumbawe na msitu. Mnara pekee usingeweza kulipa mishahara.

Minara ya miambani haina kitu cha kufungia. Boti yoyote hupita, abiria hupiga picha, na hakuna anayetoa senti. Alligator Reef, kilomita zipatazo 6 kutoka ufukweni, ulikabidhiwa mwaka 2021 kwa chama cha wenyeji wa Islamorada ambacho kilianza na jambo dogo: tangu mwaka 2013 kimekuwa na mashindano ya kuogelea hadi mnarani na kurudi, jumla ya kilomita karibu 13, na washiriki hulipa kiingilio. Ni ubunifu wa kusifiwa. Ila ukarabati wa chuma kilicholiwa na chumvi kwa miaka 150 unahesabiwa kwa mamilioni ya dola, na viingilio vya waogeleaji ni mwanzo tu wa mchango.

Hesabu nyingine ni ya hali ya hewa. Septemba 28, 2022, kimbunga Ian kilipiga Sanibel, kikakata mguu mmoja wa mnara na kusomba nyumba za walinzi. Mnara ulibaki umesimama kwa miguu mitatu. Mji wa Sanibel, ambao ndio mmiliki, uliweka mguu wa muda na kuwasha taa Februari 28, 2023, kabla wafanyabiashara wengi wa kisiwa hicho hawajafungua tena milango. Halmashauri yenye walipa kodi na daraja la kuleta mafundi iliweza kufanya hivyo ndani ya miezi mitano.

Mnunuzi binafsi wa mnara wa baharini hana daraja. Bei aliyotoa mnadani ni sehemu ndogo ya gharama. Kubwa ni boti, mafundi, rangi na siku za kusubiri bahari itulie, tena kila baada ya miaka michache. Usiku, umbali mfupi kutoka hapo, taa ndogo ya sola inaendelea kumulika bila kumdai mtu yeyote.