Kanuni Inayojiita: Sintaksia ya Kiswahili Mbele ya Tarakilishi

Ni desturi katika madarasa ya sintaksia kuandika kanuni za miundo virai kwa mishale na mabano, kwa kufuata nadharia iliyoenezwa na kitabu cha Noam Chomsky cha mwaka 1957. Mwanafunzi huandika S → KN + KT, kisha KN → KN + U + KN ili kueleza kikundi nomino chenye kiunganishi, kama vile "Asha na Juma". Mhadhiri huipitisha, kwani binadamu huelewa kilichokusudiwa. Tarakilishi haina hisani hiyo.

Kichanganuzi kinachoanzia juu, kwenye S, na kushuka kwa tawi la kushoto kwanza, hutumwa kutafuta KN. Kanuni hukiambia kwamba ili kuipata KN, sharti kitafute KN kwanza. Hurudi palepale pasi na kusoma hata neno moja, kikazunguka hadi kumbukumbu ya mashine iishe. Huo ndio ujirudiaji wa kushoto.

Yapo madai kwamba hilo ni tatizo la wahandisi, wala halimhusu mwanaisimu wa Kiswahili. Madai hayo hayana mashiko. Kanuni zikinakiliwa kutoka Kiingereza, tanzi hilo hunakiliwa pamoja nazo. Katika Kiingereza, mwenye kitu anaweza kutangulia kitu chenyewe, hivyo kanuni ya umilikaji huanza kwa KN nyingine. Kiswahili hutanguliza neno kuu: "kitabu cha ndugu wa mwalimu". Hapa yatosha kuandika KN → N + (KH) na KH → H + KN, ambapo H ni kihusishi cha a-unganifu. Ujirudiaji upo, ila uko kulia. Kila mzunguko husoma nomino na kihusishi, na maneno yakiisha, safari nayo huisha. Anayeiacha njia hii amejidunga mwenyewe, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Viunganishi navyo vina dawa: KN → N + Mkia, Mkia → U + KN, au tupu. Hata hivyo, dawa hii ina gharama. Katika "Asha na Juma na Ali", mchoro wa matawi sasa lazima uelemee kulia, "Juma na Ali" wakishikamana kabla ya kuungana na Asha. Mabano pia yana hila: KN → (V) + KN, iliyokusudiwa "yule mtoto", hubaki KN → KN pindi kivumishi kinapoachwa.

Kweli, ipo mbinu ya Jay Earley ya mwaka 1970, ambayo huweka kumbukumbu ya yaliyokwisha kutafutwa katika kila neno, isiyatafute tena. Mbinu hiyo huivumilia kanuni ya kushoto bila kuiandika upya. Lakini atakayechagua baina ya kubadili kanuni na kubadili mbinu ni yule anayeujua muundo wa lugha.

Basi kila zoezi la sintaksia vyuoni liongezewe swali moja: kabla kanuni haijajiita, imesoma neno gani? Wasomi wa Kiswahili wasipolijibu, sarufi ya lugha hii itaandikiwa mashine na wasioijua.