Mchikichi mkubwa uani Mollo: mzigo ni udongo, adui ni baridi

TANGU Serikali ilipolipa zao la mchikichi msukumo mpya mkoani Kigoma mwaka 2018, mti huo umepata heshima ambayo haukuwa nayo kwa miaka mingi. Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliagiza utafiti wa zao hilo usimamiwe katika kituo cha Kihinga, na miche ya aina ya Tenera ikaanza kuzalishwa huko pamoja na Gereza la Kwitanga na kikosi cha JKT Bulombora. Sababu ilieleweka kwa kila anayenunua mafuta kwa kipimo dukani: kwa takwimu zilizotolewa na Serikali miaka hiyo, nchi ilihitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na kuzalisha takriban tani 205,000 tu.

Sifa hizo za mchikichi zimesikika pia katika uwanda wa juu wa Ufipa. Katika kata ya Mollo, nje kidogo ya katikati ya mji wa Sumbawanga, mwenye kiwanja anayetaka kivuli, pambo na huenda mawese ya mboga anaweza kushawishika kuruka hatua ya kitalu. Mche mdogo utamchukua miaka. Kwa nini asing'oe mti uliokwisha kukomaa mwambao wa Ziwa Tanganyika, aupandishe kwenye lori na kuusimamisha uani kwake kabla ya sikukuu?

Jibu fupi ni kwamba mti huo unaweza kung'olewa ukapona. Lakini kung'oa ni sehemu moja tu ya hesabu, tena si ile inayowatia watu hasara.

Miti ya jamii ya mnazi na mchikichi haifanani na mwembe wala mparachichi. Haina mzizi mkuu mmoja unaozama chini. Mizizi yake ni mingi, minene karibu sawasawa, na huchomoza yote kwenye kitako cha shina. Ikikatwa, kitako kina uwezo wa kutoa mingine mipya. Ndiyo maana katika miji ya pwani minazi ya mapambo yenye urefu wa paa la nyumba huhamishwa na kusimamishwa mbele ya hoteli na ofisi, jambo ambalo mtu akilijaribu kwa mwembe wa umri huo atabaki na kuni.

Hata hivyo, ndugu hawa hawana tabia moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walilichunguza jambo hili katika miaka ya 1980. Waliona kwamba katika mnazi, karibu nusu ya mizizi iliyokatwa hupona na kutoa matawi, iwe imeachwa mirefu au mifupi. Katika aina moja ya kwao, inayoitwa sabal, karibu mizizi yote iliyokatwa hufa na mti hulazimika kuanza upya. Kwa hiyo anayeuza huduma ya kuhamisha miti kwa kanuni moja, kwa mti wowote atakaoonyeshwa, anabahatisha kwa fedha za mteja. Mvumo wa bonde la Ziwa Rukwa, kwa mfano, huzamisha chipukizi lake chini sana tangu siku ya kuota, na ni mgumu mno kuhamisha.

Sasa uje mzigo. Mchikichi wenye shina la mita nne unahitaji donge la udongo la kutosha kuzunguka mizizi. Chukua donge la wastani, upana mita 1.2 kila upande na kina sentimita 80. Huo ni ujazo unaozidi kidogo mita moja ya ujazo, na mita moja ya ujazo ya udongo wenye unyevu haipungui tani moja na nusu. Ongeza shina lililojaa maji na makuti yake, na mzigo unavuka tani mbili. Hawa si vijana sita na kamba. Ni winchi au kreni, lori linalobeba mti mmoja tu kwa safari, na shimo linalosubiri upande wa pili. Mnunuzi anayeambiwa kwamba "mti wenyewe ni bei rahisi" aelewe kwamba kweli mti ni rahisi. Analipia usafiri wa udongo.

Barabara ya kutoka Kasanga hadi Sumbawanga inapanda, na hapo ndipo hesabu inapobadilika kabisa. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 770 kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga iko juu ya mita 1,700. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi karibu sita kila unapopanda mita 1,000. Mchikichi ni mti wa joto: hustawi penye wastani wa nyuzi 24 hadi 28, na husinyaa pale joto la chini linaposhuka mara kwa mara chini ya nyuzi 18. Usiku wa Juni na Julai Mollo hauhitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuulala bila blanketi la pili.

Maji nayo ni tatizo. Mchikichi hupenda mvua ya milimita 1,800 au zaidi, iliyotawanyika mwaka mzima. Hata Kigoma kwenyewe haifiki hapo. Ufipa ina kiangazi kinachoanza Mei na kuendelea hadi Oktoba, na nusu ya kwanza ya kiangazi hicho ndiyo baridi yenyewe. Mti uliokatwa mizizi huhitaji udongo wenye joto ili kutoa mingine. Ukihamishwa Mei, baada ya mavuno, wakati vibarua na malori yanapatikana kwa urahisi, unapewa miezi mitano ya kukaa bila mizizi katika udongo baridi na mkavu. Watu wengi huchagua mwezi huo kwa sababu ndio wenye fedha mkononi. Kwa mti huu ni mwezi mbaya kuliko yote.

Zipo aina za mchikichi zinazovumilia baridi kidogo. Zilizalishwa Costa Rica kwa kutumia, pamoja na nyingine, miti mama yenye asili ya Kigoma na ya Bamenda nchini Cameroon, na FAO ikazipeleka kujaribiwa magharibi mwa Kenya. Lakini hiyo ni miche ya kitalu iliyochaguliwa kwa kazi hiyo. Mti wowote uliong'olewa kando ya ziwa haugeuki kuwa wa aina hiyo kwa sababu umepandishwa mlima.

Hali ni tofauti kwa mwenye mti uliokulia Mollo au Sumbawanga mjini, ambaye anataka kupanua nyumba na mti umesimama pale msingi unapopita. Mti huo umekwisha kuonja Julai kadhaa. Safari yake ni ya hatua ishirini. Huyo ndiye anayestahili kufikiria kuuhamisha badala ya kuukata, na kwake yeye mambo machache huamua matokeo.

Shina la jamii hii ya miti haliponi jeraha. Halina gamba linaloota upya kama la mkaratusi. Alama ya mnyororo itabaki hapo hadi mti ufe, na mara nyingi uozo huingilia palepale. Kwa hiyo funga magunia kwanza, kisha kamba pana. Egemeo za mbao zifungwe kwenye shina, zisipigiliwe misumari. Makuti ya chini yapunguzwe hadi karibu nusu, na yanayobaki yafungwe juu pamoja ili kulinda kilele. Kilele ni kimoja tu. Kikivunjika njiani, hakuna tawi lingine la kuchukua nafasi yake. Mti usizikwe chini zaidi ya ulivyokuwa, hata kama unaonekana kuyumba.

Kuhusu shimo, mkulima wa Ufipa ana mazoea ambayo hapa yatamponza. Kilimo cha matuta ya intumba, cha kufukia majani yaoze chini ya udongo, kimelisha uwanda huu kwa vizazi na kinafaa sana kwa mahindi na maharage. Ndani ya shimo la mchikichi mkubwa, majani mabichi yakioza udongo hutitia, na mti wa tani mbili huanza kuinama. Rudisha udongo uleule uliotoka shimoni, ushindilie kwa maji, na mbolea isubiri hadi mti uanze kukua.

Kwa wafanyabiashara wadogo wa miche na vibarua wa kuhamisha miti, mgogoro mkubwa huwa juu ya malipo. Mti huu hufa polepole. Shina lake lina akiba ya maji, na makuti yanaweza kubaki ya kijani kwa miezi wakati chini hakuna mzizi hata mmoja mpya. Mteja analipa siku ya kupanda kwa sababu anaona kijani. Baada ya miezi kadhaa anaona makuti yaliyokauka na simu ya fundi haipatikani. Kwa upande mwingine, fundi mwaminifu hulaumiwa kwa mti ulionyimwa maji na mwenye nyumba.

Alama ya kuaminika ni kuti changa, lile linalosimama katikati kama mkuki. Likirefuka na kufunguka, mizizi inafanya kazi. Likivutwa kidogo na kutoka mkononi na harufu ya uozo, mti umekwisha, hata kama makuti ya pembeni ni mazuri. Makubaliano ya maandishi yanayogawa malipo, sehemu siku ya kupanda na sehemu kuti jipya likifunguka, pamoja na kutaja nani anamwagilia, huwalinda wote wawili.

Na anayetafuta mafuta, si kivuli? Hekta moja ya michikichi hubeba miti ipatayo 143. Mmoja wa uani ni sehemu ndogo mno ya shamba. Kwa gharama ya lori na kreni, mkulima wa Mollo angelima alizeti, zao ambalo uwanda huu unalijua na ambalo huvunwa baada ya miezi minne hivi. Anayetaka pambo la jamii hii bila hofu ya Julai aangalie mkindu, mti wa asili unaoota kandokando ya mito hata maeneo ya juu. Huchipua machipukizi pembeni, na chipukizi lenye mizizi yake hubebwa na mtu mmoja.

Kwa aliyekwisha kuamua, shimo lichimbwe Oktoba, na mti usiguswe hadi mvua zishike, Desemba. Salio la fundi, kama pande zote zimekubaliana hivyo, lilipwe Agosti inayofuata.