Bunduki Nyepesi na Teke Lake

Kijana atakaye kujifunza kuwinda hutamani bunduki iliyo nyepesi kupita zote. Twamwelewa: atembeaye porini tangu alfajiri ajua kwamba kilo 4 na kilo 2 na nusu si mzigo mmoja. Lakini jambo moja husahauliwa dukani. Risasi iendapo mbele, bunduki hurudi nyuma. Na kwa risasi ile ile, bunduki nyepesi humpiga mwenyewe bega kwa nguvu zaidi. Aliyekwisha umia huogopa: hufumba macho, huvuta mtambo kwa ghafula, na mnyama hukimbia na jeraha, akafe kwa mateso mbali, bila faida kwa mtu.

Basi twashauri hivi. Kwanza, achague risasi ya nguvu ya kiasi. Ile ya .243 Winchester, iliyotolewa mwaka 1955, yamtosha mnyama mfano wa swala, na teke lake ni dogo kuliko la .308. Pili, bunduki pamoja na darubini iwe kilo 3 hadi 3 na nusu. Tatu, kitako kilingane na urefu wa mkono wake, nacho kiwe na mpira laini mwishoni.

Vyombo vingine visiwe vingi. Darubini ya kukuza mara 4 yatosha. Jicho lisiikaribie mno, isije ikampasua nyusi. Mkanda wa begani uwe mpana. Vifuniko vya masikio visikosekane, kwani mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na sikio lililoharibika hivyo haliponi.

Tena, katika Kongo, sheria ya tarehe 28 Mei 1982 yataka mwindaji awe na kibali; naye okapi haruhusiwi kuwindwa.

Mtakatifu Hubertus, askofu wa Liège aliyefariki mwaka 727, ndiye msimamizi wa wawindaji. Sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Amwombaye na awe mwangalifu. Hata risasi ndogo ya .22 huruka kupita kilometa 1. Majani yakitikisika, usipige: huenda ni mama aokotaye kuni. Na urudipo nyumbani, toa risasi zote, ufungie bunduki mahali pake na risasi mahali pengine. Mtoto hajui kama bunduki ni nyepesi au nzito; ajua kuigusa tu.